Kangangi: Nahodha aliyezileta mbio za dunia kwenye vumbi letu

JIONI moja mwishoni mwa Agosti 2022, mama mmoja anayefanya biashara ya vitunguu hapa mpakani Rusumo alikuja kunigongea mlango. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo nilijua hakuja kwa habari ya karo wala ya alama. Mkononi alishika simu ya mwanawe.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa," alisema.

Nikasoma. Suleiman Kangangi, mpanda baiskeli wa Kenya ambaye wengi walimwita Sule, alikuwa amefariki dunia Jumamosi ya tarehe 27 Agosti. Alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mbio za Vermont Overland, nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Aliacha mjane na watoto watatu.

Mama yule alisubiri nimalize. Kisha akasema polepole: "Wewe ndiye uliyemwingizia mwanangu habari za mtu huyu. Sasa mwambie aache baiskeli."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku mbili. Makala haya ni sehemu ya jibu nililompa, na sehemu nyingine ni ya jibu ambalo nimeendelea kulitafuta tangu jioni ile.

Nilivyomjua

Kusema kweli, Kangangi sikuwahi kuongea naye. Nilimwona mara moja tu, Novemba 2017, siku ya mwisho ya mashindano ya Tour du Rwanda. Nilipanda basi alfajiri kutoka Kirehe, nikafika Kigali na kwenda kusimama Nyamirambo, mtaa ambao mtu husalimiwa kwa Kiswahili hata kabla hajaulizwa anatoka wapi.

Mwaka ule Rwanda ilisherehekea, kwa kuwa mshindi alikuwa kijana wetu Joseph Areruya. Wa pili alikuwa Metkel Eyob wa Eritrea. Wa tatu alikuwa Kangangi, Mkenya aliyekuwa akiichezea timu ya Kijerumani ya Bike Aid.

Sisi tuliokulia Tanzania tuna udhaifu mmoja. Tukisikia mtu wa Kenya, wa Uganda au wa Kigoma amefanya vizuri, nasi tunajihesabia. Watu walipokuwa wakilitaja jina la Areruya, na walikuwa na haki yao, mimi nilikuwa namtazama yule wa tatu. Kenya tunaijua kwa wanariadha wa miguu. Huyu alitoka kwenye nchi hiyo hiyo, amefanya mazoezi Iten, mji ulio juu kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ambako kila kijana hukimbia kwa miguu. Yeye alikuja na timu ya Kenyan Riders akachagua magurudumu.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na kuwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza habari hizo. Niliwachorea ramani ubaoni: Eldoret, Iten, Kampala, Kigali. Mmoja aliyekaa dawati la nyuma aliuliza kama baiskeli ya kubebea ndizi inaweza kushindana. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, nikamwambia kuwa kila mtu huanzia kwenye baiskeli aliyo nayo. Huyo ndiye mwana wa yule mama wa vitunguu.

Baiskeli ya baba

Sikucheka kwa sababu nami nimelelewa na baiskeli. Nilizaliwa mwaka 1978 huko Karagwe, mkoani Kagera, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi. Nilijifunza kuiendesha nikiwa bado mfupi, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kama walivyofanya watoto wote wa kijijini. Baiskeli hiyo ilibeba ndizi, ikabeba kahawa, ikambeba mama usiku aliposhikwa na uchungu wa kumzaa mdogo wangu. Kwa fedha zake nililipiwa karo hadi nikamaliza kidato cha nne.

Tuliporudi Rwanda mwaka 1996 nafasi kwenye lori ilikuwa ndogo. Baba alikubali kuliacha kabati. Baiskeli alikataa kuiacha. Ilivuka daraja la Rusumo imefungwa kwa kamba juu ya magodoro, na ndiyo tuliyoanzia maisha.

Kwa hiyo msomaji uliyerudi kama mimi, au wewe unayevusha mzigo mpakani, hatuhitaji kuelezwa maana ya baiskeli. Tunawaona abanyonzi kila siku wakibeba abiria na mizigo. Hata jina boda boda, ambalo leo limekuwa la pikipiki, lilianzia kwenye baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia. Baiskeli ya mpakani ni mama wa usafiri wetu.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba siku moja dunia ingeanzisha mashindano kwenye barabara kama zetu za vumbi.

Mbio za changarawe

Mbio za baiskeli ambazo wengi tumezizoea hufanyika kwenye lami. Mchezo ninaouzungumzia hapa ni wa barabara za changarawe na udongo. Ulikua zaidi Marekani. Mashindano yake makubwa, ambayo sasa huitwa Unbound Gravel, yalianza mwaka 2006 katika jimbo la Kansas yakiwa na washiriki 34 tu. Njia yake kuu ina urefu wa kilomita zipatazo 320, na hukimbiwa kwa siku moja.

Baiskeli yake ina usukani uliopinda kama ule wa baiskeli za lami, lakini tairi zake ni pana na hujazwa upepo kidogo ili zishike udongo na kupunguza mtikisiko. Mshindani hubeba maji yake na vifaa vyake, na pancha huziba mwenyewe. Aidha, katika mashindano mengi ya aina hii, bingwa wa dunia na mwalimu wa shule huanza kwenye mstari mmoja, saa moja, njia moja.

Sasa tazama tofauti na mbio za lami. Ili kijana achukuliwe na timu kubwa ya Ulaya, lazima awe na matokeo. Ili apate matokeo, lazima ashindane Ulaya. Ili ashindane Ulaya, lazima apate visa. Ili apate visa, lazima aonyeshe barua ya mwaliko na fedha benki. Na nani atamwalika mtu asiye na matokeo? Ni mduara. Unazunguka hadi miguu ya kijana inazeeka.

Wanaofanya biashara ya mpakani wanaulewa mduara huo kuliko mtu yeyote. Waliokuwa wakipita Gatuna wanakumbuka jinsi mpaka ulivyofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Bidhaa haina kosa, mwenye bidhaa hana kosa, lakini kizuizi kimeshuka.

Kangangi aliuishi mduara huo kwa miaka mingi. Alikuwa mmoja wa wachache waliopenya, na angeweza kukaa huko ndani akala matunda yake. Badala yake aligeuka kutazama waliobaki nje.

Dunia ikaja Mara

Akiwa nahodha wa timu ya Amani, iliyokusanya wapanda baiskeli wa Afrika Mashariki, Kangangi alikuwa nguzo ya wazo ambalo ukilisikia unashangaa kwa nini halikufikiriwa zamani: kama vijana wetu hawawezi kuzifikia mbio kubwa, basi mbio kubwa zije kwa vijana wetu.

Juni 2021 zikafanyika kwa mara ya kwanza mbio za Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, Kenya. Jina lake limetokana na nyumbu wanaohama kati ya Serengeti na Mara kila mwaka. Zilikuwa za siku nne, kilomita zipatazo 650. Kwa msomaji wa huku, hiyo ni takribani sawa na kutoka Kigali hadi Rusumo na kurudi, mara mbili, isipokuwa lami uiondoe na jua uliongeze.

Wageni walikuja. Miongoni mwao alikuwamo Laurens ten Dam wa Uholanzi, mtu aliyewahi kushika nafasi ya 9 katika Tour de France ya mwaka 2014. Fikiria basi kijana wa Kenya au Uganda aliyekuwa akiwaona watu hawa kwenye simu tu. Asubuhi ile yuko naye bega kwa bega, kwenye vumbi ambalo kijana amelizoea tangu utotoni na mgeni ndiye analijifunza. Hakuombwa barua ya mwaliko ili aende akapimwe. Aliyempima ndiye aliyesafiri.

Katika timu hiyo hakukuwa na Wakenya pekee. Alikuwamo Jordan Schleck wa Uganda. Wanawake nao walipata nafasi, kama Nancy Akinyi wa Kenya, na baadaye Xaverine Nirere wa kwetu Rwanda akaivaa jezi ya timu hiyo. Jina lenyewe, Amani, ni neno ambalo mtu wa Goma, wa Gitega, wa Mbarara na wa Mwanza hahitaji mkalimani.

Na hapa ndipo ninapouona mchango wa Kangangi. Nafasi ya tatu ya Rwanda ilikuwa yake mwenyewe. Mstari wa kuanzia ulioletwa Mara ni wa wote. Nahodha hupimwa kwa wale waliofika nyuma yake, na wale waliofika hata baada yake.

Vermont

Agosti 2022 timu ya Amani ilikuwa Marekani. Vermont Overland ni mbio za siku moja, kilomita zipatazo 95, katika vilima na misitu ya jimbo la Vermont. Siku ile Kangangi alianguka, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Mshindi wa mbio hizo alikuwa mwenzake wa timu, Mkenya John Kariuki.

Ndugu msomaji, nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Nahodha ameanguka, na kijana wake ameshika nafasi ya kwanza, siku moja, njia moja. Sijui neno la Kiswahili linaloweza kubeba furaha na msiba kwa pamoja namna hiyo. Waliozaliwa ukimbizini labda wanaweza kulielewa. Siku tuliyovuka daraja kurudi nyumbani mama alikuwa akiimba, na bibi alikuwa akilia kwa sababu ya makaburi tuliyoyaacha Karagwe.

Jibu langu kwa mama

Siku mbili zilipita, nikaenda nyumbani kwa yule mama. Kijana alikuwa uani akiziba pancha. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniletea kiti, akarudi kwenye tairi lake. Lakini niliona masikio yako kwetu.

Nilimwambia mama ukweli wote. Nilisema mchezo huu una hatari na siwezi kumdanganya kwamba hauna. Nilisema aliyefariki alikuwa mzoefu, si mwanagenzi. Kisha nikamweleza habari za Mara, na za vijana waliopata njia kwa sababu mtu mmoja aligeuka nyuma.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Mwalimu, wewe unaongea habari za dunia. Mimi nina mtoto mmoja wa kiume."

Nakiri kwamba nilinyamaza. Elimu yangu yote, ya Karagwe na ya huku, haikunipa neno la kumjibu.

Aliyejibu ni kijana mwenyewe. Hakuinua sauti, wala hakuiacha kazi yake. "Mama, mteremko wa kushuka Rusumo ninaushuka kila Jumamosi nikiwa na magunia mawili ya mkaa na breki moja. Kwa hilo hujawahi kumwita mwalimu."

Kimya kiliingia. Kuku walipita katikati yetu. Mama alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, na mimi nilitazama chini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikimwona kijana huyo akishuka na mkaa miaka yote hiyo, nikampungia mkono na kuendelea na safari yangu. Tulikuwa tumeogopa hatari ya mbali, ile iliyoandikwa kwenye simu. Hatari ya kila siku tuliiita kazi.

Hatimaye mama akatoa masharti matatu. Kwanza, amalize shule. Pili, baiskeli iwe na breki mbili zinazoshika, mbele na nyuma. Tatu, asipande tena bila kofia ya kujikinga. Kofia ilitafutwa Kigali. Nusu ya bei nilitoa mimi na nusu alitoa yeye kutoka kwenye vitunguu. Mkaa aliuacha.

Kitambulisho na nauli

Kuna watakaouliza: habari za Mara zinamhusu nini kijana wa Rusumo? Zinamhusu sana. Tangu mwaka 2014, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kusafiri kati ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Maana yake ni kwamba kijana wa Kirehe anayepitia Uganda anaweza kuufikia mstari wa kuanzia wa mbio zinazowavuta mabingwa wa dunia bila kuomba visa ya mtu yeyote. Kadi ile ile ambayo mfanyabiashara huionyesha dirishani ndiyo itakayompitisha.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kitambulisho hakilipi nauli. Hakinunui baiskeli ya changarawe, ambayo bei yake ni mtaji wa duka. Mlango ambao Kangangi na wenzake waliufungua ni mpana, lakini mtu bado anapaswa kufika mlangoni. Hapo ndipo wazazi, walimu na wafanyabiashara wetu wanapohitajika. Tunachanga kwa ajili ya harusi na tunachanga kwa ajili ya misiba. Sioni kwa nini tushindwe kuchangia tairi.

Mbio za Mara hazikufa na nahodha wake. Zimeendelea kufanyika miaka iliyofuata, na vijana wa kanda hii wameendelea kushindana humo. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo. Kazi inayomtegemea mtu mmoja huzikwa naye. Hii haikuzikwa.

Kigali 2025

Septemba 2025 niliwachukua wanafunzi tukaenda Kigali kushuhudia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Jumapili ya tarehe 28 wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 267, wakapita na kwenye kile kilima cha mawe ambacho watu wa Nyamirambo hukiita Kwa Mutwe. Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka mshindi, na katika umati wote ule ulioanza, waliomaliza walikuwa 30 tu. Hivyo ndivyo vilima vyetu vilivyowafanya wageni.

Mwana wa mama wa vitunguu alikuwa pamoja nasi. Sasa ana miaka 21. Shule amemaliza kama alivyoahidi. Hajawa bingwa, na hajafika Mara. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko, na kila Jumapili asubuhi huongoza vijana 11, wakiwamo wasichana wawili, kwenye barabara ya vumbi inayoelekea bonde la Akagera. Wengi wao wanatumia baiskeli za mizigo zilizoondolewa keria. Kabla ya kuondoka huwapanga mstari na kukagua breki, mmoja baada ya mwingine. Asiye na breki mbili harudishwi nyumbani. Hukaa kibandani akajifunza kuifunga ya pili.

Tulipokuwa tumesimama pale Kwa Mutwe alinigusa bega, akaniuliza kama ndipo nilipomwona Kangangi mwaka 2017. Nilimwonyesha mahali, karibu na ukuta. Akaenda akasimama hapo, hakusema kitu, hadi kundi la wapanda baiskeli lilipopita.

Mama yake bado anauza vitunguu. Kila Jumapili, vijana wanapopita mbele ya meza yake sokoni, huwahesabu kwa kidole wakienda. Wanaporudi huwahesabu tena. Akifika 12, pamoja na mwanawe, hukaa chini akaendelea na biashara.

Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu Suleiman Kangangi mahali pema peponi. Amina.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kirehe.